Mkaguzi Aliyeacha Nyama

“Mbona hutafuni, mkwe?”

Swali lilimkuta Mkaguzi na pande la nyama mdomoni, shavu limetuna, macho yamemtoka pima. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa mbele yake, kijiko kiko hewani, anamwangalia.

“Natafuna, mama.”

“Unatafuna wapi? Naona umelilaza tu hapo shavuni, kama mtu anayeumwa jino.”

Mizani akacheka. Huyo ndiye mchumba mwenyewe, na jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu tangu afungue bucha lake hakuna mtu aliyewahi kurudi kulalamika kwamba kapunjwa. Mezani walikuwa watatu tu: mama, mwanawe, na huyu binti wa watu mwenye pande la nyama linalomzidi nguvu.

“Mwache ale taratibu, mama. Wiki nzima anashika nyama, Jumapili tena unamharakisha?”

“Simharakishi. Nataka anenepe kabla ya harusi.”

Mkaguzi akajikohoza. Akachukua kitambaa cha karatasi, akaziba mdomo, akakohoa kikohozi kirefu kisicho na maana, na kitambaa kiliposhuka kilikuwa kimebeba pande zima. Mkono ukaenda chini ya meza, kwenye mkoba. Hilo lilikuwa pande la tatu tangu wakae.

Kijasho chembamba kilikuwa kinamtiririka mgongoni.

Najua utaniuliza: si aseme tu kwamba ameacha kula nyama? Watu wangapi wameacha na dunia haijasimama? Kweli kabisa. Fundi cherehani akiacha nyama, ameacha nyama, basi. Mwalimu akiacha, watamtania siku mbili. Lakini huyu alikuwa mkaguzi wa nyama! Hakuna paja, hakuna mbavu, hakuna hata kichwa cha mbuzi kilichoingia kwenye bucha lolote la mji ule bila muhuri wake wa zambarau. Mpaka mwenye nyumba wake alimwita Mkaguzi. Sasa mtu huyo aseme hadharani kwamba nyama hali tena? Nani atauliza sababu? Watu watafunga midomo yao na mabucha yatafunga milango. Na bucha la kwanza kufungwa litakuwa la mwanamume anayempenda.

Hiyo ilikuwa hofu yake ya mchana, ile anayoweza kuieleza. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na hiyo hata yeye mwenyewe alikuwa anaikwepa.

“Subiri nikusogezee huu mkoba, ukae vizuri,” mama akasema, tayari ameshainama.

“Hapana, mama, uache tu!”

“Aa, mkoba wenyewe huu... He! Mbona unavuja?”

Mama aliuinua juu. Tone la mchuzi likadondoka sakafuni. Akaliangalia lile tone, akauangalia mkoba, akamwangalia mkwe. Kisha, bila hata kuomba ruhusa, akaingiza vidole viwili na kutoa kitambaa kilicholowa mafuta. Akakifungua mezani. Mapande matatu, mazima, hata jino halikugusa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichofanya ni kuweka kijiko chini na kusukuma sahani yake mbele, polepole, mpaka ikafika katikati ya meza.

“Mwanangu,” akasema kwa sauti ndogo. “Wewe ndiye unayepiga muhuri. Umeona nini kwenye nyama yetu?”

“Sijaona kitu, mama. Wallahi ni safi.”

“Basi mbona umeificha?”

Mkaguzi alimtazama Mizani, akitegemea atatania kama kawaida yake. Mizani hakutania. Alikuwa amekwishaacha kula na anaiangalia meza, na uso wake ulikuwa umepauka. Mkaguzi aliuona huo uso. Mtu asiye na kitu moyoni angeuliza kwa mshangao. Huyu hakushangaa. Huyu aliogopa.

“Sijisikii vizuri,” Mkaguzi akasema. “Naomba niende nyumbani.”

Hakuna aliyemzuia.

Sasa tuseme ukweli wa Alhamisi ile, wiki saba nyuma.

Machinjioni kazi huanza kwenye zizi. Kabla mnyama hajachinjwa, mkaguzi anamtazama akiwa hai: macho, pua, mwendo, joto la mwili. Kama ni jike, anambonyeza ubavu wa kulia kuona kama ana mimba, maana mwenye mimba hachinjwi, anarudishwa kwa mwenyewe. Asubuhi ile Mizani alileta ng'ombe mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mkaguzi akamtazama macho, safi. Akampima joto, sawa. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mpole wa ajabu, alimlamba kiwiko akamwachia mate mpaka begani. Mkaguzi akacheka, akazunguka upande wa kulia, akanyoosha mkono kubonyeza.

Mizani akamshika mkono huo huo.

“Nioe,” alisema. Kisha akajishika kichwa. “Hapana, nimekosea. Nikuoe? Namaanisha, utakubali nikuoe?”

Hapo hapo, kwenye samadi, viatu vya mpira mguuni! Binti wa watu alikuwa amelisubiri swali hilo miaka miwili. Alilia, akacheka, wachinjaji wakapiga miluzi, na mkono wa kubonyeza ukaishia shingoni mwa mwanamume. Alipokumbuka fomu aliijaza huku bado anacheka: mzima, achinjwe.

Nusu saa baadaye mpasuaji wa mizoga, mzee mmoja mtaratibu, alimwita pembeni.

“Mwanangu, njoo uone. Peke yako.”

Ndama aliyetolewa tumboni alikuwa mkubwa, ameshaota manyoya. Alikuwa na baka jeupe kwenye paji la uso, vilevile kama la mama yake.

“Mambo haya hutokea,” mzee akasema. “Nyama ni nzuri, haina ugonjwa. Piga muhuri, huyu nitamfukia mimi. Usijitese.”

Akapiga muhuri. Hakuandika chochote. Jioni ile alikaa mezani kwake, akapakua chakula, na mkono ukagoma kupeleka kijiko mdomoni. Si kichefuchefu. Aliamua tu, kwa akili yake timamu, akasema kwa sauti chumbani peke yake: “Mimi nyama sili tena.” Na ajabu, uamuzi wenyewe ulimpa nafuu. Maharage, mboga, ndizi, vilimtosha, hata usingizi ulimjia vizuri.

Ila swali moja lilikuwa linamwamsha alfajiri. Kwa nini Mizani alimshika mkono dakika ile? Mtu mwenye miaka kumi na miwili kwenye biashara ya ng'ombe hajui jike mwenye mimba kubwa namna ile? Kama alijua, basi swali la ndoa lilikuwa la nini? Alimchumbia yeye, au alimpitisha ng'ombe?

Angemuuliza na kujibiwa hapana, angekuwa amemtusi mchumba wake bure. Angejibiwa ndiyo, asingekuwa na mchumba. Basi akanyamaza wiki saba, anatafuna uongo kila Jumapili.

Jumatatu ujumbe wa Mizani ulianza kuingia mapema.

*Mama hajalala. Niambie ukweli, ulificha nyama kwa nini?*

Akajibu: *Nitakueleza tukionana.*

*Nieleze sasa.*

Alikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazimika. Ikalia tena.

*Umeona kitu machinjioni?*

Swali gani hili? Mbona anauliza kuhusu machinjio, badala ya kuuliza kuhusu tumbo lake, au afya yake? Akaizima simu kabisa na kuitupa kwenye kapu la nguo.

Mama mkwe hakukusudia ubaya. Alimwambia dada yake mmoja tu, tena kwa kunong'ona. Dada yake akamwambia mwenye mkahawa wa mkabala na bucha, ambaye ndiye mteja mkubwa wa Mizani. Mwenye mkahawa hakunong'ona kwa mtu. Aliandika kwa chaki ubaoni: LEO HATUNA NYAMA. Watu wakauliza kulikoni, akawaambia, “Mimi simo. Muulizeni Mkaguzi mbona analetewa nyama ya mchumba wake na anaificha mkobani.”

Kufikia Jumatano, habari ilikuwa imeota miguu na mikia. Ng'ombe wana ugonjwa wa kupooza. Mkaguzi amekatazwa kusema. Mkaguzi mwenyewe amelazwa. Mama mmoja aliapa kwamba tangu ale utumbo wa Jumamosi sikio lake la kulia halisikii. Machinjioni, kati ya ng'ombe ishirini wa kawaida, waliletwa wanne, na wachinjaji walikaa kwenye benchi wanamtazama Mkaguzi akipita, hakuna hata mmoja aliyemsalimia.

“Useme tu, dada,” mmoja akamwambia. “Kama tunakufa tujue.”

“Hamfi. Nyama ni safi.”

“Mchana umekula nini?”

“Wali na maharage.”

“Haya,” yule akasema, na kugeukia wenzake. “Mmesikia.”

Alhamisi saa nne asubuhi Mizani alimpigia kupitia simu ya mpasuaji.

“Njoo bucha.”

“Kuna nini?”

“Watu wamejaa.”

“Si ndiyo vizuri?”

“Hawajaja kununua.” Sauti yake ilikuwa imekauka. “Wanataka kukusikia wewe. Njoo, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kwa namna hii.”

Alikwenda kwa miguu, na njia ile aliyoizoea ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Kila mlango aliopita watu walinyamaza. Alikuwa akijiambia, nitasema nyama ni safi, wataamini, nitarudi kazini. Lakini alijua hawataamini. Yeye mwenyewe asingeamini.

Mbele ya bucha kulikuwa na watu kama arobaini. Mwenye mkahawa alikuwa mstari wa mbele, mikono kiunoni. Mama mkwe alikuwa pembeni, ameshika upindo wa nguo yake. Ndani, ndoano zote zilikuwa na nyama ya jana, haijaguswa. Na nje mlangoni, kwenye jiko la mkaa, Mizani alikuwa anageuza mshikaki mmoja.

“Amekuja!”

“Mpisheni, mpisheni.”

Mizani aliutoa ule mshikaki, akauweka kwenye sahani safi, akamletea. Akamsogelea sikioni.

“Kipande kimoja tu. Mbele yao. Yaishe.”

“Siwezi.”

“Kimoja. Kama unanipenda.”

Loo! Mwanamume ukimwambia mwanamke neno hilo mbele ya watu arobaini, jua umemweka pabaya. Mkaguzi alipokea sahani. Akachukua kipande kwa vidole viwili, cha moto, mafuta yanachuruzika. Kelele zote zikazima. Mtoto alikohoa, mama yake akamziba mdomo.

Akakileta mpaka midomoni. Aliwaza: tafuna mara tatu, meza, harusi ipo, bucha lipo, kazi ipo. Halafu akawaza habari ya kesho, na kesho kutwa, na miaka thelathini ya kukohoa kwenye vitambaa vya karatasi. Akakirudisha kwenye sahani.

“Uuuwi!” mtu akapiga yowe nyuma. “Tumekwisha!”

“Nyamazeni!” Mkaguzi alipaza sauti, na sauti yenyewe ikamshangaza. “Nyamazeni mnisikilize! Nyama hii ni safi. Kila nyama iliyopata muhuri wangu ni safi, mkitaka mpelekeeni mkuu wa machinjio aipime mwenyewe. Sina ugonjwa, sijakatazwa kusema, sijalazwa. Mimi nimeacha kula nyama. Basi.”

“Hakuna mtu anaacha tu!” mwenye mkahawa akasema. “Tena wewe! Sababu ni nini?”

Hapo ndipo maini yalimkatika. Maana sababu ile ilikuwa kazi yake, tena kazi ya miaka tisa. Akapiga moyo konde.

“Wiki saba zilizopita nilipitisha ng'ombe mwenye mimba. Sikumbonyeza ubavu. Ndama alikutwa tumboni, mkubwa, nikamwona kwa macho yangu. Nyama haikuwa na kasoro nikaipiga muhuri, lakini sikuandika popote, nilificha. Tangu siku hiyo nyama nimeiacha, na sitairudia. Sikuacha kwa kuogopa ugonjwa. Kosa ni langu, na leo ninakwenda kuliandika.”

Kisha mtu akashusha pumzi, na mwingine, na mama wa sikio akauliza kwa sauti ya kukata tamaa, “Kwa hiyo sikio langu hili ni nini?” Watu wawili wakacheka bila kutaka.

Ilikuwa imekwisha. Mizani angenyamaza tu pale, angekuwa ameokoka. Nyama safi, bucha safi, kosa la mkaguzi. Mkaguzi alimtazama na moyoni alikuwa anamwomba kwa nguvu zake zote: nyamaza. Usiseme neno. Niachie nisijue.

Mizani akavua aproni.

“Hakukosea,” akasema.

“Mizani, acha,” Mkaguzi akanong'ona.

“Hakukosea! Ng'ombe alikuwa wangu. Mnadani hakukuwa na ng'ombe, hapa ndoano zilikuwa tupu siku ya tatu, mnakumbuka mlivyokuwa mnanigombeza. Nikamnunua huyo kwa mfugaji, gizagiza, bila kumwangalia. Nilipomshusha kwenye gari nikaona ndama anacheza ubavuni. Nilijua. Nikampeleka hivyohivyo.”

“Yesu wangu,” mama yake akasema.

Mkaguzi hakusikia tena watu. Aliiweka sahani juu ya kaunta, polepole, asije akaiangusha.

“Nilinyoosha mkono kumbonyeza,” alisema. “Ukanishika.”

“Ndiyo.”

“Ukaniuliza kama nitakubali kuolewa.”

“Ndiyo.”

“Uliniuliza ili nisimbonyeze?”

Mizani alijifuta uso kwa ile aproni. Machozi yalikuwa yamemjaa, mtu mzima wa miraba minne.

“Dakika ile,” akasema, “ndiyo.”

Mkaguzi akageuka na kuondoka. Watu walimpisha njia pana kuliko waliyompisha wakati anakuja, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Mchana huo huo aliandika barua ya kurasa mbili akampa mkuu wa machinjio mkononi. Akasimamishwa kazi mwezi mmoja. Bucha la Mizani likafungwa kwa mwezi huo huo, na inasemekana alipeleka ufunguo mwenyewe kabla hajaitwa. Mwenye mkahawa akafuta ubao wake na kununua nyama kwingine. Mji ukarudi kutafuna.

Mkaguzi alishinda ndani. Alipika mboga zake, alikula vizuri, na hakuna tena aliyemuuliza mbona hatafuni. Kitu cha ajabu ni kwamba hofu haikuondoka. Alikuwa amejibiwa, si ndiyo? Lakini jibu lenyewe lilikuwa nusu. Dakika ile, ndiyo. Na dakika nyingine zote, miaka miwili ile? Za uongo pia? Simu yake, aliyoiwasha tena, ilipokea ujumbe mmoja tu kwa siku, kila siku saa sita mchana: *Nipo. Siku ukitaka kuuliza, uliza.* Hakujibu hata mmoja.

Siku ya kumi na tisa akajibu: *Njoo.*

Mizani alifika haraka mpaka Mkaguzi akadhani alikuwa anasubiri nyuma ya nyumba. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amekonda.

“Karibu chai,” Mkaguzi akasema.

“Asante. Sitakunywa.”

“Utakunywa. Nataka uwe na kitu cha kushika.”

Akashika kikombe.

“Nilikuogopa wiki saba,” Mkaguzi akaanza. “Unajua maana yake? Nilikuwa nakaa na wewe, nacheka, na tumbo limenikaza. Nilikuwa naogopa kukuuliza jambo moja. Mimi siolewi na mtu ninayeogopa kumuuliza.”

“Na mimi nilikuwa nakuogopa.”

“Wewe uniogope kwa lipi?”

“Nilijua lazima umemwona yule ndama. Ukanyamaza. Nikasema, huyu amejua, anasubiri siku anifukuze. Kila Jumapili nilikuwa nasema ndiyo leo.”

“Ungekuja ukaniambia.”

“Ningekuja.” Aliinamisha kichwa. “Sina la kujitetea. Nilikutumia. Nakuomba radhi, na kama hutaki kunisamehe nitakunywa hii chai niondoke.”

“Hukunijibu lile swali.”

“Nilikujibu. Nilisema ndiyo.”

“Ulisema dakika ile. Nataka kujua usingeuona mkono wangu unakwenda ubavuni, ungeniuliza lini? Au usingeniuliza kabisa?”

“Jumapili yake,” alijibu bila kusita. “Nilikuwa nimepanga Jumapili, nyumbani kwa mama. Siku tatu baadaye. Nilipoona mkono wako unakwenda nikababaika, na neno pekee lililokuwa kichwani mwangu wiki nzima ndilo lililonitoka. Sikulitunga pale. Nililiharakisha tu, kwa sababu chafu.”

“Hayo unayasema leo.”

“Ndiyo. Huna sababu ya kuniamini.”

Mkaguzi akanyanyua simu mezani.

“Unampigia nani?”

“Usiongee. Ukikohoa tu, nakata na unaondoka.”

Akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akailaza simu katikati yao. Ikaita mara moja. Mara mbili. Mkaguzi alisikia damu inagonga masikioni. Sasa ndiyo sasa. Yule mama hajui kudanganya. Asingejua hata aanzie wapi. Akisema hajawahi kusikia habari ya Jumapili, basi, kila kitu kimekwisha na chai ile itamwagwa. Alitaka kukata. Kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe. Ikaita mara ya tatu.

“Haloo? Mwanangu? Ni wewe kweli?”

“Ni mimi, mama. Shikamoo.”

“Marahaba! Jamani, mwanangu, unakula? Unalala? Mimi huku nimekonda kwa aibu, kumbe mdomo wangu ndio umeleta yote...”

“Mama, nina swali moja tu. Unijibu kama lilivyo.”

“Uliza.”

“Mwanao alikwambia lini kwamba atanichumbia?”

Mizani alikuwa amefumba macho, kikombe kinagongagonga kwenye kisahani chake.

“Mbona swali la kizamani hilo?” mama akasema. “Si aliniambia kabla? Alisema, mama, Jumapili nakuja naye, nitamuuliza mbele yako, usinitie aibu. Nikafua mapazia ya nyumba nzima! Nikaazima viti! Halafu Alhamisi mchana namwona huyo anakuja anatweta, ananuka samadi, mama, nimeshamuuliza. Nikamwambia, umeshamuuliza? Sasa mapazia yangu nimemfulia nani? Mpaka leo jambo hilo halijaniisha. Haloo? Mwanangu? Mbona unalia?”

“Silii, mama.”

“Unalia, nakusikia.”

Alikuwa analia, ndiyo. Alilia kwa sauti, wala hakujiziba. Wiki saba na siku kumi na tisa zilikuwa zinatoka kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile kifua kilikuwa kinapokea hewa yote. Mizani hakuthubutu kusogea. Alikuwa amekwishaambiwa asikohoe.

Mkaguzi akajifuta kwa kiganja. Akamtazama.

“Nyama sitakula,” akamwambia. “Leo, kesho, mpaka nazeeka. Na sitapika.”

“Nitajipikia. Nitakula buchani, nioge, ndipo nije.”

“Na wanyama wako nitawakagua mara mbili ya wengine. Ukinishika mkono nakuitia polisi.”

“Nitakuwa nimefunga mikono nyuma.”

“Jumapili hii una kazi gani?”

“Mimi? Bucha limefungwa. Sina kazi yoyote.”

“Huna ng'ombe wa kupitisha?”

“Hata mbuzi.”

“Basi uje na mimi kwa mama, uniulize. Siku ile uliyopanga mwenyewe.”

Kwenye simu kukawa na mguno. Wote wawili walikuwa wamesahau kwamba bado iko hewani.

“Samahani jamani,” mama akasema, sauti imemnyong'onyea. “Sitaki kuingilia. Nauliza tu, ili niangalie mapema kama kuna maji. Nifue tena mapazia?”

Mizani akamtazama Mkaguzi, pumzi ameibana, kikombe kimesimama hewani.

“Yafue, mama,” Mkaguzi akasema.